Mifuko ya Kuoza: Miaka Yangu kwenye Boila la Zuzu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa moto. Nilipewa ndoo ya maji na kigoda, nikaambiwa nikae kwenye banda la miche nitumbukize mifuko, mmoja mmoja, niangalie upi unazama na upi unaelea. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani. Niliambiwa nimepata kazi ya nishati, na kichwani mwangu nilishajiona nimevaa kofia ngumu ya njano, nimesimama mbele ya mitambo, napigwa picha. Kumbe nishati inaanzia kwenye ndoo!

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoanza Jumatatu. Fundi Mkuu amesema anayestaafu haondoki bila kuacha maneno. Nikamwambia, "Fundi, mimi sina hata unywele mmoja mweupe." Akanijibu, "Unastaafu kuchochea moto, hustaafu kuishi. Andika." Basi naandika. Jina langu Lameck. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama yangu aliyasoma, akayakunja, akaniuliza kama nimekula. Hamtapata hapa maneno makubwa, kwa sababu sinayo. Mtapata namna tulivyofanya kazi, na namna boila letu lilivyokaribia kutunyang'anya kazi hiyo.

Ile ndoo ilikuwa Makutupora, kwenye kitalu cha miche ya zabibu. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mama Msimamizi wa kitalu, mama mnene, mchangamfu, anayeongea na miche kama inamsikia. Miche ile ilioteshwa kwenye viriba, yaani vile vifuko vya kuoteshea, na viriba hivyo vilikuwa vya aina mpya. Havikutengenezwa kwa mafuta ya petroli kama plastiki mnayoijua. Vilitengenezwa kwa wanga wa mhogo na mahindi. Vinaitwa mifuko inayooza, lakini kitaluni kila mtu alisema kwa mkato: mifuko ya kuoza. Kumbukeni jina hilo. Ndilo lililotupeleka pabaya na ndilo lililotutoa.

Siku moja nilifukua kiriba chini ya mzabibu uliokwisha kuzaa. Kilikuwa kizima. Kimekakamaa, kimepauka, lakini kizima.

"Mama, hivi si vinaoza?"

"Vinaoza palipo na maji na joto kwa pamoja, Lameck, kama ndani ya lundo la mboji linalofuka. Hebu angalia huku na huku. Maji unayaona?"

Nikaangalia. Kulikuwa na vumbi, jua, na mbuzi wa jirani.

"Umeyaona?"

"Sijayaona, Mama."

"Basi na vyenyewe havijayaona. Kwenye udongo wa huku vinakauka tu kama ngozi iliyowambwa. Mtu anavitupa akijua vitajiozea, halafu vinaishia tumboni mwa mbuzi wa watu."

Hilo la mbuzi lilinichoma, maana wiki ileile nilikuwa nimemvuta mwanambuzi kipande cha kiriba kooni, naye akaniangalia kama mimi ndiye mwizi. Nikauliza sasa tufanye nini. Mama Msimamizi akacheka. "Ndiyo maana uko kwenye ndoo. Vinakwenda Zuzu, kupikia alizeti."

Sasa sikilizeni kuhusu ndoo. Mfuko wa wanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo kipande chake kinazama. Mfuko wa kawaida wa petroli unaelea. Kinachozama ni chetu, kinachoelea tunakiweka pembeni. Rahisi kama salamu! Ila utoe kwanza mapovu ya hewa kwa kidole, la sivyo hata kilicho chetu kitaelea na utakitupa bure. Niliifanya kazi ile mpaka vidole vikawa na mikunjo kama vya bibi kizee, nami niliipenda. Kila kipande kilichozama nilikiambia kimoyomoyo, karibu nyumbani.

Kisha nikahamishiwa Zuzu, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti karibu na reli. Hapo ndipo nilipouona moto.

Kiwanda cha alizeti kinahitaji mvuke, maana mbegu zikipashwa kwa mvuke kabla ya kukamuliwa hutoa mafuta vizuri. Mvuke unatoka kwenye boila, nalo boila linalishwa kuni. Bosi wangu wa pili, Fundi Mkuu, aliyalea maboila ya viwanda vya mafuta tangu ujana wake. Ni mwembamba, sikio moja halisikii vizuri, na ana ndoto kunizidi. Alichoka kuona miti ya pori la Bahi ikiingia kwenye mdomo wa boila lake. Alitaka kulisha boila kwa maganda ya alizeti na mifuko iliyokwisha kazi yake. "Kijana," aliniambia siku nilipofika, "mhogo ulikula jua shambani. Ukawa mfuko. Mfuko ukabeba mche. Sasa jua bado limo humo ndani, limekaa tu. Sisi tunalitoa." Jamani! Nilitamani kupiga makofi.

Cheo changu kilikuwa mchochea moto wa boila. Mjomba wangu wa Mpwapwa alipiga simu, akasikia nusu, akauliza kama polisi wanajua kwamba mimi ni mchochezi.

Fundi Mkuu alinifundisha waya. Ndoo haitoshi, maana ipo plastiki moja mbaya ambayo nayo inazama, ile ya mabomba ya maji na makoti ya mvua. Ndani yake mna klorini, na ikiungua hutoa moshi mkali unaokula mapafu ya mtu na kula chuma cha boila. Kwa hiyo unachukua waya wa shaba uliochunwa, unaupasha kwenye moto mpaka uwe mwekundu, unaugusisha kwenye kipande unachokitilia shaka, unaurudisha motoni. Ukiona ulimi wa moto wa kijani, kipande hicho hakiingii. Fundi Mkuu hakuwa na mjadala kwenye kijani. "Kijani uzuri wake shambani," alisema, na kipande kilirushwa nje.

Akanifundisha pia kuchanganya. Mfuko ukiuweka peke yake kwenye chanja, yaani ule wavu wa chuma ambao moto unakalia, unayeyuka na kudondoka kabla haujawaka sawasawa. "Mfuko peke yake ni mlevi," alisema, "unaanguka. Ganda la alizeti ndilo la kuushika mkono." Kwa hiyo tuliikatakata mifuko, tukaichanganya na maganda, tukalisha kidogokidogo. Moto wenyewe lazima uwe mkali. Msije mkawaambia majirani kwamba kuchoma jalalani na kuchoma kwenye boila ni mamoja. Jalalani moto ni wa uvivu, unatoa moshi kuliko joto. Boilani moto mkali na hewa ya kutosha vinaumaliza moshi humohumo ndani, na juu ya bomba unaona mtetemo wa hewa tu, kama juu ya lami saa saba mchana. Mara ya kwanza kuuona mtetemo ule nilikimbia kumwita mlinzi wa geti aje aangalie. Alikuja, akaangalia, akasema, "Lameck, hakuna kitu." Nikamwambia, "Ndiyo hicho!"

Lakini tulikuwa na ugonjwa wetu, na tuliuita kashata. Kila tulipojaribu siku nzima bila kuni, mchana chanja iliziba. Ukifungua mlango wa majivu unakuta vipande vigumu vinavyong'aa, kama sukari na karanga zilizoungana. Moto unakosa hewa kutoka chini, mvuke unashuka, tunakimbilia kuni kwa aibu. Hatukujua kwa nini.

Ndipo mwenye kiwanda akachoka. Alikuja na Afisa Mazingira wa eneo letu, kijana mwenye miwani na buti safi, wakapanga siku ya jaribio la mwisho. Afisa angekaa nasi tangu asubuhi mpaka filimbi ya kutoka. Boila likienda siku nzima bila kuni na bila moshi, tunapata ruhusa ya kuendelea. Likishindwa, mlango wa mifuko unafungwa, boila linarudi kwenye kuni, Fundi Mkuu anaenda kupumzika kwake na mimi narudi kusukuma mkokoteni wa maji. Mwenye kiwanda alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Viriba vya Makutupora peke yake visingetosha. Lakini vijijini nyuma ya Zuzu, maduka yalikuwa yameanza kufungia bidhaa kwenye mifuko ya wanga ileile. Tukamwomba mwenyekiti wa kitongoji kimoja awatangazie watu. Naye akasimama mnadani na kipaza sauti chake, akasema alivyosikia kwetu: "Wananchi, mifuko ya kuoza msiitupe! Iwekeni, watakuja wahusika!"

Tulikwenda kuikusanya siku moja kabla ya jaribio, mimi na Fundi Mkuu, kwa pikapu ya kiwanda. Nyumba ya kwanza, hakuna mfuko. Ya pili, hakuna. Mama mmoja akatuambia huku anachekecha ulezi, "Mifuko ya kuoza? Yote iko kwa Bibi Nyemo. Si ndiye anayeoza?"

Fundi Mkuu akanigeukia. "Anaoza? Anaumwa?"

Tukaenda kwa Bibi Nyemo. Alikaa kwenye tembe, ile nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa. Nilipoinua macho nikasahau kusalimia. Juu ya paa zima kulikuwa na mifuko. Imefuliwa, imetandazwa, imewekewa vijiwe isipeperuke, inameta juani kama shamba la maua meupe. Mingine ilikuwa imekwisha kukunjwa na kupangwa barazani kama khanga dukani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umeachama? Hujawahi kuona nyumba yenye harusi?"

Kigogo ndiyo lugha yake ya kwanza, na Kiswahili alikizungumza kwa kukibana, kila neno na uzito wake. Alisema alimsikia mwenyekiti kwa masikio yake mawili. Serikali imeleta mifuko ya kuoza. Naye ana mjukuu wa kuoza, yaani wa kumpa mume, baada ya mavuno, na wageni wanapaswa kuondoka na karanga na unga. Majirani wote wakamletea ya kwao, ndiyo michango yao. Ilikuwa na matope, akaifua na binti zake.

"Bibi," nikasema, "siyo kuoza huko. Ni kuoza... kuharibika."

Akaniangalia kwa huruma. "Mume wangu, nani anatangaza kwa kipaza sauti watu watunze kitu kilichoharibika?"

Nilitazama lile paa, nikamtazama Fundi Mkuu. Alikuwa amejiuma mdomo, sikujua kama anazuia kicheko au kilio. Kazi yetu yote ilikuwa pale juu, na ilikuwa mali ya bibi harusi. Nilifikiria kusema tu, "Basi, Bibi, baki nayo." Kweli nilifikiria. Harusi ni harusi.

Fundi Mkuu akavua kofia. Akachuchumaa chini ya baraza, pale wanapokaa wanaokuja kuposa.

"Mama," alisema, "nisikilize. Sisi ni upande wa bwana harusi. Tuna kijana wetu wa chuma kule Zuzu. Ni mkubwa, ana tumbo, ana hasira ya moto, lakini ana moyo mzuri. Hajapata mwenzake. Wengi tumemletea, wamemshinda. Tumekuja kuposa mifuko."

Kisha Bibi Nyemo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo. Akaninyooshea kidole.

"Na mshenga wenu ndiye huyu? Hajui hata kuongea!"

"Ndiye huyo, Mama. Tumempata kwa bei ya soko."

"Haya. Wageni wangu watabebea nini karanga?"

Fundi Mkuu akaahidi viroba vitupu vya kiwandani, visafi na imara, vinavyoweza kubeba karanga mpaka Singida. Bibi akakubali. Ila akaweka sharti: hatoi binti zake hao wa mifuko pasipo kuona waendako. Kesho atakuja mwenyewe, na wanawake wa kuimba.

Kesho yake Afisa Mazingira alifika na buti zake safi, akakuta getini wanawake wa Kigogo wamefunga njuga miguuni, wamejitanda khanga. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni sehemu ya jaribio?" Nikamwambia, "Ni upande wa bibi harusi." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeamua kutouliza tena.

Tukawasha. Nilipotia mzigo wa kwanza, mifuko iliyokatwakatwa ndani ya maganda, vigelegele vilipigwa mpaka mafundi wa reli wakasimama kuangalia. Bibi Nyemo alisimama mbele kabisa, uso wake una rangi ya moto. Mshale wa geji, ile saa inayoonyesha nguvu ya mvuke, ukapanda na kukaa. Juu ya bomba, mtetemo tu. Mashine za kukamua zikaanza kuimba na harufu ya alizeti iliyopashwa ikajaa uwanjani. Mimi nilikuwa nalisha na kuimba wimbo nisioujua.

Mchana ukafika, saa yetu ya kashata. Na kweli mshale ukaanza kushuka.

Fundi Mkuu akabadilika rangi. Akafungua mlango wa moto, akachungulia, akaufunga. Mshale ukashuka tena. Akafungua tena. Nikachungulia na mimi. Afisa naye akaomba achungulie, tukampisha. Mshale ukashuka zaidi. Mwenye kiwanda alikuwa amesimama karibu na rundo la kuni, ametia mikono mfukoni, hatuangalii.

Bibi Nyemo akaja akatusukuma wote watatu kwa kiwiko.

"Nyie mna adabu kweli? Kila saa mnachungulia! Maharusi wakishaingia ndani, mlango unafungwa!"

Wanawake wakapasua kicheko. Fundi Mkuu alibaki na mkono kwenye komeo, halafu nikaona uso wake unafunguka kama pazia. Kila tulipofungua, tulikuwa tunaingiza hewa baridi juu ya moto. Tulikuwa tunauua kwa mapenzi. Akapiga komeo, akaweka mgongo wake mlangoni, akasema, "Hafungui mtu." Akaniagiza nifungue mlango wa chini tu, wa majivu, nione kashata.

Nikapiga magoti nikafungua. Chini ya chanja kulikuwa na majivu laini, ya kijivu, mepesi kama unga wa uwele. Nikayapitishia reki yote. Hapakuwa na kashata hata punje!

"Fundi! Hakuna!"

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu!"

Alichuchumaa, akachota majivu kwa koleo, akayatazama, kisha akaitazama mifuko iliyobaki, myeupe, mikavu, imekunjwa na Bibi. Na hapo tukaelewa kwa pamoja. Kashata haikuwa mfuko. Ilikuwa udongo. Miezi yote ile tulikuwa tunachoma viriba na mchanga wake, na mchanga ukikutana na majivu ya alizeti kwenye moto mkali unayeyuka unakuwa kama kioo. Bibi Nyemo alifua matope ili mjukuu wake asiaibike, na jua la kwenye paa likamaliza maji. Hakuna aliyewahi kutuletea mzigo safi vile.

Mshale ukasimama. Ukatafakari. Ukaanza kupanda.

Ulipanda mpaka pale ulipokuwa asubuhi, ukakaa hapo mpaka filimbi ya kutoka. Sitawaeleza vizuri nilivyojisikia. Nilimkumbatia mlinzi wa geti. Fundi Mkuu alikwenda nyuma ya tangi la maji peke yake, akarudi ameosha uso. Afisa Mazingira akafunga begi lake, akasema, "Endeleeni. Ila muwe mnafua." Kisha akamuuliza Bibi Nyemo harusi ni lini.

Tulikwenda wote. Karanga zilibebwa kwenye viroba vya kiwanda, na mimi nilikaa upande wa washenga.

Tangu hapo kuna bafu la kufulia mifuko na paa la kuikaushia, mtayakuta, na wanaofanya kazi hiyo ni wale wanawake wa kitongoji kile. Nanyi mtakuta mambo mengine ambayo sikuyaandika, kwa sababu moto una tabia mpya kila siku na mimi bado naushangaa. Jumatatu mnayoanza ninyi, mimi napanda basi kwenda Mpwapwa. Kiwanda cha maziwa cha huko kinafunga boila kama letu, wachemshe maziwa bila kukata mti, na nimeitwa nikalisimamie. Mimi, Lameck wa ndoo! Mjomba wangu ameshawaambia majirani kwamba mchochezi anarudi nyumbani. Nitapewa na kofia. Nimeuliza rangi, wakasema njano.

Nikitazama nyuma, naona nilikuja nikitaka kupigwa picha mbele ya mtambo, na sina hata picha moja. Lakini nawajua kwa majina watu waliokuwa nyuma ya kila mzigo niliotia motoni, na nikiona mfuko umetupwa njiani siupiti. Naukunja, naweka mfukoni. Mama yangu anasema suruali zangu zote zina tumbo.

Jambo la mwisho. Juzi aliletwa mchoraji apake upya maandishi ya ukuta wa ghala. Ni kijana msomi, akasoma yaliyokuwepo, MIFUKO YA KUOZA, akatabasamu. Akamwambia Fundi Mkuu kwamba Kiswahili chake hakijakaa sawa, ingefaa kuandika "mifuko inayooza".

Fundi Mkuu alimsogezea lile sikio lake zima ili asikie vizuri, kisha akatikisa kichwa.

"Acha hivyohivyo, kijana," alisema. "Huku kwetu haiozi. Inaozwa."